Kwenye Mkunjo wa Ramani

Chama cha waendesha baiskeli cha Vernerolles kilikuwa na kengele moja ya ng'ombe, ya shaba, yenye ukubwa wa ngumi, na hapakuwa na mwanachama aliyeitaka. Kila mwaka, Alhamisi ya Sikukuu ya Kupaa, walifanya safari yao kubwa ya vilimani, na yule wa kwanza kutia mguu chini kwenye mpando alifungiwa kengele hiyo chini ya siti yake. Aliendesha nayo hadi Sikukuu ya Kupaa ya mwaka uliofuata. Ililia kwenye kila shimo la barabara, na watu wa bonde lote walijua maana ya mlio ule. Kusimama ili kula, kunywa au kuziba pancha hakukuhesabiwa. Kilichohesabiwa ni kushindwa na mlima.

Firmin, mwoka mikate, alikuwa ameivaa mara nyingi kuliko wote. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, na alidai kwamba wateja wake wameshaizoea kengele kiasi kwamba wakiisikia wanaona njaa. Ghislaine Bonnefoux hakuwahi kuivaa. Wala Yvon Teyssandier, aliyepeleka barua kwa baiskeli katika vilima hivyohivyo mpaka alipostaafu, na ambaye kwa kawaida alifika kileleni mapema kiasi cha kuvua kofia, kujipangusa na kuivaa tena kabla mwingine hajatokea.

Ghislaine alikuwa mpima ardhi, naye amestaafu. Ndiye aliyekichorea chama njia zake. Wakati wa baridi uliopita alibadilishiwa vali ya moyo. Daktari alimruhusu kuendesha tena, kwa sharti kwamba mapigo ya moyo yasipite kiwango fulani, na akamvalisha saa ya mkononi iliyopiga kelele kila yalipokaribia. Ghislaine hakuichukia saa hiyo. Ilitoa taarifa, na taarifa zake zilikuwa sahihi.

Yvon alikwenda kumtazama hospitali akiwa na mfuko wa machenza. Alikaa pembeni ya kitanda akawa anayamenya na kuyala mwenyewe, moja baada ya jingine.

"Nikuambie kitu," Ghislaine alimwambia. "Siku nitakayovaa kengele ndiyo siku nitakayokukabidhi ramani. Na baiskeli nitaiuza."

"Kwa ajili ya kengele tu?"

"Siyo kwa ajili ya kengele. Kwa sababu itakuwa ushahidi."

"Ushahidi wa nini?"

"Kwamba vilima vimenishinda. Mtu asiyeweza kupanda asiwachoree wenzake njia. Atawapitisha anapoweza yeye, si panapofaa."

Yvon alianza kumenya jingine. "Nadège anasema zipo baiskeli za umeme," alisema. Nadège alikuwa muuguzi, na mdogo kuliko wote chamani.

"Nikitaka pikipiki nitanunua pikipiki. Na hayo matunda ulimletea nani?"

Yvon alitazama mfuko, akakuta limebaki moja, akampa. Maneno hayo ya kengele Ghislaine hakumsimulia mtu mwingine.

Mwezi wa nne alikunjua ramani juu ya meza ya jikoni. Ramani ilikuwa na rangi zake: barabara kuu kwa nyekundu, za kati kwa njano, na vijia vya lami vya mashambani kwa nyeupe. Sheria ya chama ilikuwa fupi: tunapita nyeupe, na nyekundu tunaivuka tu. Penye miinuko palichorwa vishale. Kimoja kilimaanisha mpando wa kawaida, viwili mpando mkali, vitatu ukuta. Ghislaine alitumia wiki mbili za jioni kutafuta mzunguko wa vijia vyeupe usiozidi kishale kimoja popote. Aliupata. Ulipita ukingoni mwa mto, ukaingia msituni, ukapanda polepole hadi kitongoji cha Combelaure, kisha ukafika Saint-Amable, ambako wangekula chakula cha mchana. Kati ya Combelaure na Saint-Amable hapakuwa na kishale hata kimoja.

Alijiuliza kama anawadhulumu wenzake. Alipima jambo hilo kama lilivyostahili: njia ni tulivu, mandhari ni mazuri, magari hakuna. Wenye miguu watanung'unika, lakini manung'uniko hayaui. Aliikunja ramani kwa mikunjo ileile iliyokunjiwa tangu ilipokuwa mpya, akaitia katika mkoba wa plastiki ulio mbele ya usukani. Binti yake alimpa nyingine mpya wakati wa Krismasi, nayo ilikuwa kabatini, haijafunguliwa. Ile ya zamani ilikuwa na alama zake za penseli: chemchemi zenye maji mazuri, mashamba yenye mbwa wakali, maduka ya mikate yanayofunguliwa Jumatatu.

Siku ya Kupaa waliondoka mbele ya kanisa la Vernerolles, watu kumi na wawili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na lami ilikuwa bado nyeusi. Ilikuwa desturi kwamba mchoraji hatangazi njia nzima. Kila waliposimama alitaja kipande kinachofuata tu, nao wakaenda, na yeye akafuata nyuma ya wote ili asipotee mtu. Firmin alipita katikati ya kundi na kengele yake ya mwaka jana ikilia.

"Leo naivua," aliwaambia. "Nimeacha jibini mwezi mzima."

"Umeacha jibini au jibini limekuacha?" Nadège aliuliza.

"Tulikubaliana kutengana kwa amani, mwanangu."

Ukingo wa mto ulikuwa kama Ghislaine alivyotarajia. Maji yalijaa, na ng'ombe wekundu walisimama nyuma ya kuta za mawe wakiwatazama bila kuacha kutafuna. Katika mpando wa kwanza, msituni, alikuwa wa mwisho kwa mbali. Hakushangaa. Aliweka gia ndogo kuliko zote, akaitazama saa, akashika mwendo ambao saa iliukubali. Wenzake walimsubiri juu.

Hapo palikuwa na desturi nyingine, na hii aliianzisha yeye mwenyewe miaka ya nyuma, kwa hesabu na si kwa huruma. Aliona kwamba katika vyama vyote kundi humsubiri wa mwisho, na akishafika tu, linaondoka. Kwa hiyo wenye nguvu hupumzika sana, na aliyechoka hapumziki kamwe. Akapendekeza kwamba wa mwisho aje na chungwa lake, na pasiondoke mtu mpaka amalize kulila. Wakati ule wa mwisho kwa uchovu alikuwa Firmin. Ghislaine hakufikiri kwamba siku moja angemenya chungwa hilo mwenyewe. Alilimenya sasa, akiwa amekaa juu ya gogo, na hakuna aliyemharakisha. Yvon alikuwa anapangusa miwani ambayo ilikuwa safi tayari.

Walifika Combelaure kabla ya saa sita. Kilikuwa kitongoji cha nyumba nne, kanisa dogo, na hori la mawe la kunyweshea ng'ombe. Walijaza chupa zao za maji.

"Sasa Saint-Amable," Ghislaine alisema. "Kwa njia ya nyuma ya kanisa."

Waliokuwa wakinywa waliacha kunywa.

"Nyuma ya kanisa?" Firmin aliuliza.

"Nyuma ya kanisa."

"Ghislaine, mama, mimi shangazi yangu alifuga mbuzi hapa. Njia hiyo hata mbuzi walikuwa wanafikiria mara mbili."

"Ramani haina kishale hata kimoja."

"Basi ramani ililala kwa shangazi siku ya mvinyo. Hiyo njia ni ukuta. Ni mfupi, nakubali. Hata ngazi ni fupi."

Ghislaine hakubishana. Aliitoa ramani kwenye mkoba na kuinyanyua ielekee jua. Combelaure ilikuwa upande wa kushoto wa mkunjo na Saint-Amable upande wa kulia. Katikati yake, pale karatasi ilipokunjwa mwaka baada ya mwaka, wino ulikuwa umefutika na karatasi imekuwa laini kama kitambaa kilichofuliwa sana. Mwanga ulipenya. Hapakuwa na vishale kwa sababu hapakuwa na kitu chochote. Alitazama mistari ya kimo, ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi, kila upande wa mkunjo, akalinganisha namba zake, na ukuta ukajitokeza bila haja ya shangazi wala mbuzi. Aliwahi kufundisha vijana wa ofisini kwake kwamba penye namba mtu asitegemee alama. Namba zilikuwepo mwezi wa nne, mezani kwake, chini ya taa. Yeye alikuwa anatafuta njia isiyo na vishale, akaipata, akaacha kutafuta.

Kulikuwa na njia nyingine moja: kurudi bondeni na kufuata barabara nyekundu. Siku ya sikukuu ingekuwa imejaa magari ya watu waliokwenda mapumzikoni, yanayovuta matela ya kulala, na pikipiki zinazoshindana kwenye kona. Kuwapitisha watu kumi na mmoja humo ili yeye asishuke kwenye baiskeli lilikuwa jambo ambalo hakuhitaji kulipima mara mbili.

"Mimi ndiye niliyekosea," alisema. "Mkunjo umekula vishale, na sikusoma namba. Firmin yuko sawa. Lakini hatuendi nyekundu. Tunapanda."

"Haya," Firmin alisema, akaigeukia kengele iliyo chini ya siti yake. "Usizoee sana hapo, bibi. Leo unahama."

Nadège alimsogelea Ghislaine. "Hiyo saa ikilia, unashuka," alimwambia kwa sauti ya chini. "Siyo baadaye kidogo. Hapohapo."

"Najua."

"Najua kwamba unajua. Ndiyo maana nasema."

Yvon alikuwa amesimama nyuma yao. Aliuona mkunjo uliopitisha mwanga, akaiona saa. Alipanda baiskeli yake na kutangulia kama alivyotangulia sikuzote, na wengine wakamfuata mmojammoja, wakapotea nyuma ya kanisa.

Ghislaine aliwapa nafasi, kisha akaanza.

Njia ilikuwa nyembamba, na katikati ya lami palikuwa na mstari wa nyasi. Kwa hatua za mwanzo ilijifanya ya kawaida. Baada ya zizi la mwisho ilinyanyuka, na gurudumu la mbele likawa jepesi mikononi mwake, ishara aliyoijua vizuri. Mbele alisikia kengele ya Firmin ikilia kwa kusitasita, kama mtu anayefikiri. Aliacha kutazama juu. Alitazama mstari wa nyasi, akahesabu pumzi badala ya umbali.

Saa ililia alipofika kwenye ukuta wa mawe ulioporomoka. Ilikuwa onyo la kwanza. Lilimaanisha kwamba ana muda, lakini si mwingi. Mbele yake palikuwa na kona, na kwenye kona mti wa mlozi pori. Aliamua kwamba angeshuka chini ya mti ule. Aliamua hivyo bila uchungu mwingi, kama alivyokuwa akiamua mahali pa kusimika jiwe la mpaka. Yvon atachukua ramani, ile mpya, aitumie vizuri. Baiskeli itanunuliwa, maana ni nzuri na imetunzwa. Alishangaa kidogo kwamba kitu kilichomuuma zaidi hakikuwa baiskeli. Ni ile asubuhi ya Alhamisi, watu wamesimama mbele ya kanisa na hawaulizi wanakwenda wapi.

Kabla hajaufikia mti alisikia sauti ya Firmin kutoka nyuma ya kona, imekatika kwa kuhema.

"Nimekuona. Bwana wee, nimekuona kwa macho yangu mawili. Usirudi juu ya hiyo baiskeli, haitakusaidia. Nimekuona."

Ghislaine akakata kona. Yvon Teyssandier alikuwa amesimama katikati ya njia, miguu yote miwili chini, ameshika usukani kwa mkono mmoja. Firmin alikuwa hatua chache juu yake, bado yuko kwenye siti, akiyumba kutoka ukingo hadi ukingo kwa mwendo wa konokono, maana hakuthubutu kusimama hata ili ashangae.

"Umevunja nini?" Ghislaine aliuliza, akiendelea kukanyaga.

"Sijavunja kitu."

"Mnyororo?"

"Mzima."

"Goti?"

"Zima."

"Sasa umeshukia nini?"

"Mlima umenishinda."

Ghislaine alimtazama. Mdomo wa Yvon ulikuwa umefungwa na alikuwa anapumua kwa pua. Shati lake lilikuwa kavu mgongoni. Alisimama kwa utulivu, kama alivyosimama miaka yote kwenye milango ya watu akisubiri waje kuchukua barua.

Saa ililia tena, na safari hii haikunyamaza.

"Hiyo saa inakuita, Ghislaine," Yvon alisema. "Shuka. Nafasi ya kwanza imeshachukuliwa."

Akashuka. Alishika breki zote mbili na kuegemea usukani mpaka saa iliponyamaza. Mlio wa kengele uliendelea kupanda juu yao, dhaifu lakini hai.

"Hii ni danganya toto," alisema alipopata pumzi ya kutosha.

"Mguu wangu ulikuwa chini, au haukuwa chini?"

"Ulikuwa chini."

"Na kwenye mpando?"

"Kwenye mpando."

"Firmin ameona?"

"Dunia nzima imemsikia akiona."

"Basi. Wewe ndiye uliyetaka ushahidi."

Ghislaine alitafuta kasoro katika hoja hiyo, na hakuipata. Sheria ya kengele ilimtaja wa kwanza kutia mguu chini. Haikuuliza kwa nini. Aliyeitunga hakufikiri kwamba ingehitaji kuuliza, kwa kuwa nani angeshuka bila kulazimika?

Walisukuma baiskeli zao bega kwa bega, mmoja kila upande wa mstari wa nyasi. Kwa kutembea, mlima ulikuwa na mambo ambayo Ghislaine hakuwahi kuyaona kutoka kwenye siti: maji yaliyotiririka chini ya ukuta, maua ya manjano yaliyojaa ukingo wote, na harufu yake iliyokuwa tamu kuliko alivyokumbuka.

"Umewahi kushuka kabla ya leo?" aliuliza.

"Nikiwa kazini, kila palipokuwa na mbwa."

"Watakucheka mwaka mzima."

"Wataanza vizuri, kisha watachoka. Firmin hawajamcheka kwa moyo tangu mwaka wa pili."

Walitembea tena. Ghislaine hakuwa mtu wa kutoa shukrani ovyo. Aliona kwamba watu wengi hulitumia neno hilo kufunga mazungumzo. Kwa hiyo alingoja mpaka akawa na uhakika wa kile anachokishukuru.

"Asante, Yvon."

"Kwa nini? Kwa kushindwa?"

"Kwa kushindwa kabla yangu."

Yvon alivuta kofia mbele kidogo, ingawa jua lilikuwa nyuma yao.

Juu, wenzao walikuwa wamesimama kando ya msalaba wa mawe unaotazama paa za Saint-Amable. Habari ilikuwa imefika kabla yao. Firmin alikuwa ameketi kwenye nyasi, mwekundu kama nyanya, ameishika kengele mapajani kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani na anasubiri kumrudisha.

"Sogea, mtu wa posta," alisema. "Una kifurushi. Saini hapa."

"Yvon, kulikoni?" mmoja aliuliza. "Au pensheni imekuwa nzito mfukoni?"

"Ni uzee," Yvon alisema. "Mtaujua."

"Uzee gani? Ulitupita pale zizini kama mtu anayefuatwa na nyuki, kisha kwenye kona tukakupita sote ukijikokota."

"Huo mwendo wa nyuki ndio ulionichosha."

Firmin aliifunga kengele chini ya siti ya Yvon kwa mafundo mawili, akaigonga kwa kidole kuhakikisha inalia, akarudi nyuma kuitazama. Alionekana kukosa kitu kidogo. Kisha akamtazama Ghislaine, akaitazama saa mkononi mwake, akamtazama Yvon, na mdomo uliokuwa unajiandaa kwa mzaha mwingine ukafungwa. Alipofungua tena alisema tu, "Haya, nani ana jibini?"

Nadège alikuwa amemshika Ghislaine kifundo cha mkono, bila kuiamini saa, anahesabu mwenyewe. Alimaliza akamwachia. "Kula chungwa lako," alisema.

Ghislaine alikaa kwenye ngazi ya msalaba na kulimenya. Hakulimenya haraka. Watu kumi na mmoja walisubiri, wengine wamelala kwenye nyasi, na chini yao moshi wa jiko la mgahawa ulikuwa unapanda, ambako viazi vyao na soseji zao vilikuwa vinapoa au bado vi moto, haikujulikana. Hakuna aliyetazama saa. Aliligawa chungwa katikati, na nusu akampelekea Yvon. Sheria haikutaja kwamba wa mwisho anaweza kugawa. Wala haikukataza.

Kisha alikunjua ramani juu ya goti na kutoa penseli. Alijaribu kuchora kwenye mkunjo, lakini karatasi ilianza kuchanika. Akavuta mstari hadi pembeni, mahali palipokuwa pazima, na hapo akachora vishale vitatu, safi, vinavyoelekea Saint-Amable.

Firmin alikuwa anachungulia begani. "Unatuandikia wosia?"

"Naandika ukuta ulipo. Mwakani tutakuja kutoka upande huu. Tutaushuka."

"Mwakani unachora wewe?"

"Kwani yupo mwingine anayejua ulipo?"

"Shangazi yangu alijua. Lakini amefariki."

"Basi ni mimi. Na nitatumia ramani mpya. Ninayo kabatini."

Aliikunja ya zamani kwa uangalifu. Yvon alikuwa ameshapanda baiskeli, anamalizia kutafuna nusu yake ya chungwa, na alikuwa anatazama mbali kama mtu ambaye jambo hilo halimhusu.

Waliteremka kwenda mezani. Njia ilikuwa na kona nyingi kati ya kuta za mawe, na Ghislaine, kama desturi, alikuwa nyuma ya wote. Siku nyingine zote Yvon angekuwa tayari yupo chini, amevua kofia. Leo kengele ililia mbele yake kwenye kila shimo. Kila kundi lilipopotea nyuma ya ukuta, mlio ulimwambia lilipo, na kwa kadiri alivyoweza kupima kwa sikio, mlio ule haukuwahi kumwacha zaidi ya kona moja.